Nilivyokuwa Kizibo cha Pango la Mabubu

Kuna jiwe moja upande wa mashariki wa Unguja ambalo likitajwa mbele za watu nainuka nikasingizia nimeacha chungu jikoni, maana jiwe lile linakijua kiuno changu kuliko fundi anayenishonea nguo. Najua mshaisikia habari yenyewe nusu nusu, na kila anayeipokea anaitia chumvi yake (yupo anayesema nilitolewa na gari la zimamoto, uongo mtupu, njia ile hata punda anaifikiria mara mbili), basi bora niieleze mwenyewe, nicheke wa kwanza, kisha nyie mcheke, kisha yaishe.

Kwa asiyenijua, mie ni Sabra wa Amani, kazi yangu kutembeza wageni. Si papasi wa kuvizia watu bandarini, hapana, nna kitambulisho changu shingoni na kazi nimeisomea. Ndani ya Mji Mkongwe huniambii kitu. Nje ya mji, huko shamba, mmh, hapo nabahatisha, lakini mgeni hajui na uso wangu hautoi siri. Na mwili wangu, niuseme kabisa kwa kuwa humu ndani unakuja kufanya kazi kubwa, mwili wangu si haba. Mie husema nimejaaliwa. Mume wangu hasemi kitu, lakini kila tukitaka kutoka na vespa lazima kwanza aliminye gurudumu la nyuma.

Haya. Wakaja wageni ambao sijapata kuwaona tangu nianze kazi: watawa wawili wa Kibudha, vichwa vimenyolewa vinang'aa, wamejitanda mashuka ya rangi ya manjano ya kupikia, miguuni kandambili, na mwavuli mmoja wa kujikinga jua. Mmoja mzee sana, mwembamba, anacheka cheka kama mtu aliyekumbuka jambo zuri, na hajui lugha yoyote ila ya kwao. Mwengine wa makamo, mrefu, Kiingereza anakisema vizuri, ndiye mkalimani. Majina yao yalikuwa marefu, ulimi wangu ukashindwa, nikawaita mmoja Mzee na mwengine Mtawa Mdogo, wakaridhika.

Walitaka niwapeleke Pango la Mabubu. Pango lenyewe lipo maweni, karibu na kijiji kimoja mbele ya Uroa (jina la kijiji silisemi, nataka siku moja nipite tena kwa salama). Wenyeji wanahadithia kwamba zamani za zamani chombo kilivunjika pale, wakashuka watu wamenyoa vichwa, nguo zao za manjano, wakaingia pangoni wakakaa, hawasemi na mtu. Watu wakadhani ni mabubu. Wakawa wanawekewa sahani ya chakula mdomoni mwa pango kabla ya adhuhuri, wanakula, lakini wakiletewa jioni hawagusi. Hadithi hiyo mgeni mmoja wa kwao aliisikia akaenda nayo, na hawa wawili waliposikia habari ya kukataa chakula cha jioni, usingizi ukawaruka. Wakasema wale si mabubu, wale ni watawa wa mwanzo mwanzo, waliokuwa wakiyakimbilia majabali yaliyo mbali na watu ili wapate kutafakari. Mzee alitaka akae humo walau kidogo kabla hajafa. Ndivyo alivyosema, kabla hajafa, na huku anacheka.

Tukiwa garini Mtawa Mdogo akanieleza masharti yao, na hapa nisikilizeni vizuri maana ndipo msiba wangu ulipoanzia. Mzee anakula mara moja tu kwa siku, na lazima ale kabla jua halijapinduka. Nikamwambia jua likipinduka kwetu inaadhiniwa adhuhuri, basi adhana ndiyo saa yako. Akafurahi. Tena chakula hawajichukulii wenyewe, hata kiwe mbele yao, mpaka mtu awape. Na mwanamke hampi mtawa mkono kwa mkono: mtawa anatandaza kitambaa, mwanamke anaweka juu yake, kwani wao kumgusa mwanamke ni mwiko. Nikacheka, nikamwambia basi mmefika kwenu, hapa nako mwanamume akishatia udhu halafu akagusana na mwanamke asiye maharimu wake, udhu umekwenda, arudi bombani. Mtawa Mdogo akamfasiria Mzee, Mzee akatikisa kichwa, tukaonana ndugu.

Kisha akasema, taratibu, kama mtu asiyetaka kulalamika, kwamba jana ndege yao ilichelewa, walipofika jua lilikuwa lishapinduka, kwa hiyo Mzee hajala tangu juzi.

Tangu juzi! Nikamtazama yule baba wa watu, mikono inamtetemeka juu ya mapaja, na huku anachungulia dirishani anatabasamu na mbuzi. Roho ikaniuma kweli. Nikaapa: wallahi, leo mzee huyu atakula mpaka aombe mto. Na si maneno matupu, nilikuwa nimeamka alfajiri nimepika mwenyewe, hawali nyama, nikapika wali wa nazi, mbaazi za nazi, bilingani la kukaanga na chatne ya pilipili mbichi, nikavitia kwenye mahotipoti, mahotipoti kwenye kikapu. Gari zima linanukia nazi. Kuingia kijijini bado mapema, adhana mbali, nikajiona nimeshika dunia.

Ilikuwa Ijumaa. Makame dereva akatushusha kwa Bi Mize, mwanamke mtu mzima ambaye ukoo wake ndio wenye kulitunza pango, kisha akaenda zake kujitayarisha na swala.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni wageni. Mkeka nshatandika, wageni wakae wale, pango halikimbii. Kisha msubiri maji yatoke, mzunguke kwa pwani."

Mngedhani mtu mwenye akili angesema ahsante. Lakini mie nilitazama ule uwanja wa Bi Mize, kuku wanapita, nguo na foronya zimeanikwa, nikasema moyoni, watu wametoka nusu ya dunia waje kula mbele ya foronya? Nilikuwa nshajipangia picha yangu kichwani: watawa wamekaa pangoni palepale walipokaa wazee wao, na mie nawaandalia palepale walipoandaliwa. Nikamuuliza Mtawa Mdogo wangependa wapi, akasema popote utakapotupa, kupokea ndiyo kazi yetu. Kwa hiyo sina wa kumsingizia.

"Ahsante, Bi Mize," nikasema, "wageni watakula hukohuko pangoni. Na hatusubiri maji, tutapita njia ya ufa."

Bi Mize akanitazama. Akaanza kichwani, akashuka mpaka miguuni, akapanda tena, akasimama katikati.

"Weye?"

"Mie."

"Upite ufani?"

Sasa nambieni, neno hilo mngelimeza nyie? Mbele ya wageni? Nilishapita ule ufa, nilipokuwa nasomea kazi hii (kabla sijaolewa, kabla ya watoto, kabla ya mambo mengi), na nilipita kama upepo. Nikamjibu kwa adabu lakini mdomo umebenuka, "Bi Mize, mie njia hizi ndiyo kazi yangu," nikakamata kikapu, nikatangulia. Nyuma nikamsikia anamwambia kuku, "Haya, tutaona."

Ule ufa ni hivi: mawe mawili makubwa yamesimama yanatazamana, juu wazi unaliona jua, chini njia ya mchanga, urefu wake kama ukumbi wa nyumba za mjini. Ukitoka upande wa pili unakuta kiwanja kidogo, pango limekaa mbele yako, kushoto na kulia bahari. Maji yakijaa hakuna pengine pa kupita. Watawa wakatangulia wao, nikawapa heshima hiyo. Wakapita wale, mashuka yao wameyabana, hata jiwe halikuwajua. Nami nikaingia ubavu ubavu, mkono wa kulia mbele, wa kushoto nyuma unaburura kikapu.

Mwanzo nilikwenda vizuri. Kufika kati nikasikia jiwe linanigusa mbele. Nikanywea. Nikasogea. Likanigusa nyuma. Nikasema hewa hii ndiyo iliyozidi, nikaitoa hewa yote, nikajisukuma kwa nguvu moja, nikaingia pale kwenye wembamba kabisa. Kisha, jamani, binadamu lazima apumue. Nikapumua. Na hapo ndipo nilipokaa.

Mbele haiendi, nyuma hairudi. Mawe yenyewe yale ya maweni, yana meno, yameling'ata buibui langu kila pembe. Nikitazama mbele nawaona watawa wawili kiwanjani wananingoja na nyuso zao za upole. Nyuma yangu kikapu, na ndani ya kikapu chakula, na simu. Ndipo akili ikanijia nikaelewa nilichokifanya: Mzee yupo upande wa pango, chakula kipo upande wa kijiji, na baina yao hapana njia ila hii moja, na hii moja imezibwa, na kizibo ni mie.

"Kuna tatizo?" akauliza Mtawa Mdogo.

"Hapana," nikasema, "napumzika."

Napumzika! Nikapumzika mpaka jasho likaniingia machoni. Mwisho nikakubali, nikasema nimekwama. Mtawa Mdogo akaja mbio, akafika karibu yangu, akanyoosha mikono, akaukumbuka mwiko wao, akairudisha. Akanyoosha tena, akairudisha tena. Nikamwonea huruma, maskini, maana alitaka kunisaidia kwa moyo wake wote na hakuwa na pa kunishika. Mzee akaja naye, akanitazama kwa makini, akasema neno.

"Mzee anasema usipumue kwa kifua," Mtawa Mdogo akafasiri. "Pumua kwa tumbo."

"Mwambie tumbo ndilo lililokwama."

Akamwambia. Mzee akacheka mpaka akashika jiwe. Kisha akageuka zake kwenda pangoni, na mie nikiwa pale katika hali ile nikamwona anavyolipapasa jiwe la juu ya mdomo wa pango, taratibu, kidole kinatafuta. Pana mfereji mdogo pale, mtu kauchonga au mvua imeuchonga, Mungu ndiye ajuaye. Mtawa Mdogo akaniambia kwao watawa wa mwanzo wakichonga hivyo kwenye majabali waliyokaa, ili maji ya mvua yadondoke nje yasiingie ndani. Mzee akaweka paji lake la uso pale jiweni, kicheko chote kimemtoka. Ilikuwa saa nzuri sana, na mie nimeikumbuka kwa uzuri wake, ila wakati huohuo kulikuwa na sisimizi anapanda mgongoni na sina mkono wa kumfikia.

Nikaanza kupiga kelele. "Jamaniii! Nyie wa kijijini! Hodi!" Mara nikasikia kandambili nyuma yangu. Walikuwa wazee wawili wanakwenda msikitini mapema wapate safu ya mbele, kanzu zimepigwa pasi, udi unanukia. Mmoja Mzee Vuai, mwengine Mzee Haji, niliyajua majina yao kwa vile walivyokuwa wanabishana.

"Nani huyo?"

"Mie Sabra, mtembeza wageni. Shikamooni wazee wangu. Nimekwama, nivuteni."

Mzee Vuai akasema, kwa huzuni ya kweli, "Mwanangu, tungekuvuta. Lakini sisi tushatia udhu."

"Si mtatia tena!"

"Bomba halitoi maji tangu asubuhi, tumetilia maji ya ndoo, na ndoo imekwisha."

"Vuai," akasema Mzee Haji, "dharura inaruhusu."

"Dharura ni roho kutaka kutoka. Huyu roho yake ipo, tena inafoka."

Wakaanza kuijadili, jamani, nyuma ya mgongo wangu, kwa dalili na hoja, na mbele yangu Mtawa Mdogo ananiuliza wale wanasema nini. Nikamwambia wanasema yaleyale unayosema wewe. Hapo ndipo nilipojiona, Sabra mimi, nimebanwa baina ya dini mbili na zote mbili zimekataza nisiguswe.

Mwisho Mzee Haji akapata hekima: kukiwa na nguo katikati, udhu haujambo. Mzee Vuai akavua kilemba, akakizungusha kwenye mkono wangu wa kushoto, wakashika wote wawili, bismillahi, wakavuta. Mimi sikwenda popote. Kilemba ndicho kilichokwenda, prrraa! Nikasikia kishindo cha mtu kuanguka mchangani.

"Kanzu yangu," akasema Mzee Vuai kutoka chini. "Kanzu yangu ya Ijumaa."

"Nisameheni, mzee wangu."

"Wewe mwanamke unakula nini?"

Jua nalo, nikiinua macho naliona kwa ule uwazi wa juu, limekaribia kabisa utosini. Nikaacha haya. Nikasema, "Wazee wangu, nipo chini ya miguu yenu. Pana mzee wa watu hapa hajala tangu juzi, na adhana ikitoka hali tena mpaka kesho. Nendeni mkaniitie Bi Mize." (Kulitamka jina hilo kulinichoma kuliko mawe.) Wakaenda, Mzee Vuai anachechemea na kutikisa mchanga. Mtawa Mdogo akakaa chini akaniambia nisihuzunike, Mzee ameshawahi kukaa na njaa zaidi ya hivi. Nikamwambia kwenu sawa, lakini huku kwetu mgeni hashindi na njaa mkononi mwa mtu. Nikalia. Sikulilia kiuno, wallahi. Nililia kwa vile yule mzee alikuwa amerudi kukaa karibu yangu, amefumba macho, na harufu ya nazi inatoka nyuma ya mgongo wangu inampita puani.

Bi Mize akaja na wakaza wana wake wawili, chupa ya mafuta ya nazi kwapani. Nilijitayarisha kusutwa. Hakunisuta.

"Mgeni keshakula?" ndilo neno lake la kwanza.

"Bado."

"Basi weye kaa hapohapo." (Kama vile nilikuwa na safari.) "Mgeni kwanza. Sahani zi wapi?"

Nikasikia hotipoti linafunguliwa, kijiko kinapakua. Mkono wake haukuweza kunipita, kwa vile nilivyouziba ufa wote, ikabaki njia moja tu, ya juu. Akasema, "Kaza shingo," nikasikia sahani inatua kichwani kwangu. Bila hata kata ya nguo chini yake! Mie mtoto wa mjini, mara ya mwisho kujitwika kitu ni sijui lini, na leo nimetwikwa wali na mbaazi za watu wawili, moto moto. Nikaupeleka mkono wa kulia juu, nikaushika ukingo wa sahani, nikaanza kuiteremsha. Mkono unatetemeka kuliko wa Mzee. Sahani ikainama. Mchuzi wa mbaazi, umechanganyika na chatne, ukanishukia kwenye paji la uso, ukaingia jicho la kulia, ukateremka puani, na nyuma wale wakaza wana wanasema "taratibu, taratibu, wifi," na mie nasema bismillahi, bismillahi, mpaka ikafika chini.

Mzee akafumbua macho. Akatandaza kitambaa chake juu ya jiwe mbele yangu. Nikaweka sahani juu yake, nikasema kwa Kiswahili maana Kiingereza chote kilikuwa kimeniruka, "Karibu ule, babu yangu."

Akainamisha kichwa, akamgawia Mtawa Mdogo, akaanza kula.

Na sasa sikieni adhabu nyengine. Wale watu hawali kama sisi. Wanakula kwa kutafakari! Akamega tonge, akalitazama, akalitia kinywani, akafumba macho, akalitafuna. Akalitafuna. Akalitafuna tena mpaka nadhani mchele ule ulirudi kuwa mpunga. Na jua limesimama utosini. Na mie uso wangu upo karibu yake kama bibi harusi anayetazamwa, jicho moja limefumba kwa pilipili ya chatne, mbaazi imening'inia kwenye nyusi, nasema kimoyomoyo, meza babu, meza, ongeza tonge! Nyuma Bi Mize ananiuliza, "Anakula?" "Anakula." "Kamaliza?" "Bado anatafuna lile la kwanza."

Alifika nusu ya sahani. Akamega tonge jengine, zuri, lina bilingani, likawa linapanda kuelekea kinywani, na hapo muadhini akaanza. *Allahu akbar, Allahu akbar*, spika ya msikiti ikapeperusha kunguru. Lile tonge likasimama hewani. Likakaa hapo kidogo. Kisha likarudi sahanini, Mzee akafuta vidole, akaukunja ukingo wa kitambaa.

Haya, ikawa zamu yangu. Watawa wakaingia pangoni wakageuka kutazama ukuta, kwa heshima. Wanawake wakanimiminia mafuta kwa juu kama wanaopaka chungu, wakanifunga kanga mbili ubavuni, wakavuta kwa nyimbo. Sikutoka upesi. Swala ikaisha nipo palepale. Na Mzee Vuai, Mungu amsamehe, mimi bado, baada ya swala alikuwa amesimama msikitini akawatangazia waumini wote kuwa pana mwanamke kaziba pango, basi wakaja, wote, kanzu nyeupe tupu maweni, na Makame dereva wangu yumo.

Ndipo jiwe nalo likachagua kuniachia. Nilitoka kinyumenyume, kwa kishindo, kama meno yanavyong'oka, nikamwangukia Bi Mize, yeye akawaangukia wakaza wana. Buibui langu likabaki jiweni. Mie nikabaki na dera limechanika ubavu, mafuta kuanzia shingoni mpaka miguuni, mbaazi usoni, mbele ya Ijumaa nzima. Na msikiti mzima, kwa sauti moja, wakasema, "Alhamdulillah!"

Bi Mize akanirushia kanga. Watawa wakatoka ufani bila taabu, na Mtawa Mdogo alikuwa amelibeba buibui langu kwenye ncha ya mwavuli, amelinyoosha mbali naye, anatafuta wa kumkabidhi.

Mnadhani yaliishia hapo? Kijiji kilipopata habari kuwa mgeni amekula nusu sahani, kila nyumba ilitoa kombe lake. Pilau, mikate ya kumimina, pweza, ndizi za tui. Mzee anaweka mkono kifuani, anainama, anakataa, na kila akikataa wale wanawake hawamtazami yeye, wananitazama mie. "Mgeni anaondoka kijijini kwetu na njaa," akasema mmoja wao, "hatujapata kuona." Bi Mize alikunja ule mkeka aliokuwa ametutandikia asubuhi, akaukung'uta, akautia ndani, na ningependa zaidi angenipiga nao.

Kurudi mjini nilikaa mbele, kanga ya watu mwilini, nanuka kama duka la sabuni. Makame alikuwa anaendesha huku anauma mdomo, mabega yanamcheza. Huko nyuma watawa wakaanza kuzungumza kwa lugha yao, Mzee akasema maneno marefu, kisha wakacheka wote wawili, wakacheka sana. Nikageuka. Nikasema kama mnanicheka mie nifasirieni, nna haki yangu.

Mtawa Mdogo akafuta macho. Akasema, "Mzee anasema amekaa kwenye mapango tangu ujana wake, anajifundisha kula bila kutamani. Alidhani ameshaweza. Leo tonge limefika mdomoni, adhana ikaanza, akajikuta anaomba muadhini apaliwe kidogo tu, alimalize lile moja."

Nilicheka, kisha nikalia, kisha sijui nilikuwa nafanya lipi. Nikamwambia amwambie babu yangu arudi siku yoyote atakayo, atakula kwangu Amani, asubuhi na mapema, atafune mpaka achoke na muadhini atamkuta kashalala. Toka siku ile mgeni wangu yeyote, awe na masharti asiwe nayo, tukifika mahali anakula kwanza, hata kama mbele ya foronya. Akishashiba ndipo namuuliza anataka kuona nini, na akisema pango, namtafutia mtembezaji mwengine, mwembamba.